Kitenge cha Mgongoni

Mwalimu Lokuruka wa Lodwar alinirudishia hadithi yangu na sentensi moja chini: "Nzuri, ila maana iliyofichika iko wapi?" Alikuwa anakusanya hadithi za wenyeji na wakimbizi ziwe kitabu, na yangu angeipokea ikiwa tu ina kitu cha kuchimbua. Nilikasirika. Mimi Sylviane sikuficha kitu. Niliandika tulivyotoka Kongo, vilevile alivyonisimulia Mama, maana wakati ule nilikuwa na miaka minne. Lakini kile kitabu nilikitaka kuliko chochote. Basi nikakaa mlangoni kwetu, hapa Kakuma, nikaisoma kwa sauti nitafute pa kuficha neno.

Mama alikuwa anachambua maharage. Emanikor, Mturkana anayetuuzia makaa, alishusha gunia akaketi kusikiliza. Kusoma hajui. Ana mbuzi wengi, na jioni wakirudi hawahesabu; anawatazama tu, kisha anakwambia nani hayupo.

Nikasoma: Baba na sufuria. Kaka na redio. Mimi nyuma, nimeshika shati la Kaka. Mama akafunga kitenge mgongoni, akakikaza mara mbili, tukaingia njiani.

"Ndani ya hiyo kitenge iko nani?" Emanikor akauliza.

"Mimi."

"Wewe natembea. Umeshika shati."

Nikacheka, nikarudi kwenye karatasi nimwonyeshe alivyokosea. Nikasoma mara ya pili, mara ya tatu. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeandika mtu nisiyemjua, nami nimetembea naye miaka yote hii bila kumwona. Niliogopa hata kuigusa ile karatasi.

Nikamgeukia Mama. Vidole vyake vilikuwa vimetulia ndani ya maharage.

"Anaitwa Feza," akasema. "Mdogo wako. Alikuwa na miezi mitatu. Tulimzika kabla ya mpaka, baba yako akasema tusimtaje tena."

Nilichukua kalamu nimwongeze. Mama akanishika mkono.

"Mwache alipo. Mpelekee mwalimu hivyohivyo. Sasa soma tena, na pale pake usikimbie."

Nikasoma taratibu, Baba, Kaka, mimi. Nilipofika kwenye kitenge, Mama aliinama mbele kidogo, kama mtu anayewekewa mtoto mgongoni.