Arobaini kwa Arobaini

Pétrus Chomat alikuwa amekula vumbi la makaa ya mawe miaka kumi na mitano kwenye mashimo ya Saint-Étienne, na kifua chake kilijua hivyo. Vita vilipokwisha alijifungia bandani nyuma ya nyumba, akaunda injini ndogo ya kufunga juu ya gurudumu la mbele la baiskeli. Kelele zake ziliwaudhi majirani, lakini kilima cha Terrenoire ilikipanda. Muuza baiskeli mmoja alishaahidi kuchukua thelathini, mradi mkaguzi wa serikali aipige muhuri. Asipoipiga, Jumatatu Pétrus anarudi shimoni. Jina lake lilishaandikwa kwenye zamu.

Asubuhi ya ukaguzi mkewe, Génie, aliyewahi kufundisha hesabu shuleni, alikuwa anamjazia fomu.

"Tundu la silinda lina upana gani?"

"Milimita arobaini."

"Na pistoni inapanda kiasi gani?"

"Arobaini vilevile. Namba nzuri, eti?"

Génie akakokotoa pembeni mwa gazeti. Akakokotoa tena, uso ukambadilika.

"Ujazo unatoka sentimita za ujazo hamsini na robo."

Sheria ilisema hamsini, basi. Ikizidi hata tone, hiyo si baiskeli tena, ni pikipiki: leseni, namba, na hakuna mfumaji wala muuza maziwa atakayeitaka.

"Mwanamume wee! Unalala kitanda kimoja na mwalimu wa hesabu, na hukumuuliza?"

"Niliona namba imekaa vizuri."

"Imekaa vizuri, na sisi tumeula wa chuya!" Kisha akashusha sauti. "Tumnyweshe mvinyo mpaka asione vipimo."

"Njia ya mwongo fupi, Génie. Nitamwambia mwenyewe."

Mkaguzi, Bwana Vauquelin, alikuwa mtu mkavu. Alipofika bandani hakugusa mvinyo wala chapati za viazi.

"Bwana mkaguzi, usijisumbue," Pétrus akasema. "Imezidi. Kosa ni langu."

"Nimekuja kupima, sikuja kuungamisha watu. Fungua."

Pétrus akaifungua. Mkaguzi akaingiza kipimo chake tunduni mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Nani kakwambia hii ni arobaini?"

"Imeandikwa kwenye kekee niliyotobolea, bwana. Ya marehemu baba. Tangu wakati wa vita, kekee mpya hazipatikani, basi ikiwa butu nainoa."

"Umeinoa mpaka imekonda. Hapa ni thelathini na tisa na nukta nane. Na hukuwahi kupima?"

"Kupima nini? Pistoni naisugua kwa mkono mpaka iingie."

Génie alikuwa ameshalivamia gazeti lake. "Arobaini na tisa na robo tatu!" akapiga ukelele. "Haijafika hamsini!"

"Andikeni upya," mkaguzi akasema, akapuliza muhuri wake kuulainisha, akaugonga juu ya fomu.

Pétrus akajibwaga juu ya ndoo iliyopinduliwa. Pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi ilimtoka yote, na nyuma yake kikaja kilio. Alilia mbele ya mtu wa serikali bila haya.

"Sirudi shimoni," akasema. "Génie, sirudi."

Génie alikuwa na masimango mengi ya kumpa. Akayameza yote, akamkumbatia kichwa chenye grisi juu ya aproni yake safi.

"Hurudi, mume wangu," akamwambia. "Hurudi kabisa."