Mifupa ya Mzee Muniru

Kosa lenyewe lilikuwa kukaa. Saa kumi na mbili jioni bendera iliteremshwa kwenye kizuizi cha mpakani Busia, upande wa Uganda, na mwaka ule wa sabini na sita hata mbuzi walijua sheria: bendera ikishuka, simama wima, usitikisike. Swaliki naye, jamani, na magongo yake mawili, akaketi chini katikati ya barabara.

Zulaika, dada yake, alimnong'oneza ainuke. Kijana alikuwa hoi. Tangu Tororo walipakiwa lorini juu ya magunia ya mihogo. Lakini nani angemweleza askari hayo?

Daktari wa ng'ambo, Kenya, alikuwa amewaeleza yote. Ndani ya shingo ya Swaliki, pasipoonekana, tezi ndogo zilikuwa zimeota uvimbe, zikawa zinanyonya chokaa ya mifupa na kuimwaga kwenye damu. Mifupa ikabaki kama mhogo uliobunguliwa. Ni ugonjwa wa ukoo, alisema. Ndio uliomvunja nyonga baba yao, Mzee Muniru, akiinuka tu kitandani, na watu wa kijijini kwao Nabuyoga wakasema karogwa. Kesho asubuhi Swaliki angepasuliwa shingo, mradi afike bila kuvunjika. Na Zulaika pia aje apimwe. Zulaika alicheka sana. Apimwe nini, yeye anayebeba gunia la mtama kichwani kutoka Petta hadi barabara kuu?

Askari alikuja taratibu, bila kelele, na hilo ndilo lililomtisha Zulaika. Akaamuru Swaliki aruke kichura kutoka mlingotini hadi kizuizini. Zulaika akaeleza habari ya mifupa, akatoa barua ya daktari. Askari akaigeuzageuza, akasema siku hizi kila anayevuka ni mgonjwa.

Swaliki akaanza kuweka magongo chini. Bwege yule alikuwa tayari kutii! Mruko mmoja tu, na safari yote ingeishia pale.

"Afande, nitaruka mimi badala yake," Zulaika akasema.

Askari akacheka. "Haya, ruka wewe. Yeye nakwenda. Ukisimama tu, yeye naruka."

Zulaika akafunga kanga kiunoni, akachuchumaa, akashika masikio. Akaruka. Wachukuzi wa mizigo waliokuwa pale mpakani wakageuza nyuso kwa aibu. Akaruka tena na tena, vumbi mdomoni, akimkemea mdogo wake asigeuke nyuma, atembee tu. Mapaja yaliwaka moto. Swaliki akakifikia kizuizi, akakipita.

Mruko mmoja zaidi, na paja likalia kama kuni kavu inayovunjwa. Zulaika alijikuta chini, mguu umegeukia upande usio wake. Alielewa kabla hata maumivu hayajafika. Mtu mzima havunjiki paja kwa mchezo wa watoto.

 Askari mwenyewe akawaambia wachukuzi walete mkokoteni, wamvushe.

Swaliki alikuwa amerudi mpaka kwenye kizuizi, analia. "Dada, nisamehe."

"Nyamaza. Wewe kesho unapasuliwa."

Wachukuzi wakamwinua Zulaika. Hakupiga ukelele. Alikuwa akiwafikiria binti zake wawili waliobaki Tororo, Fauziya na Madina. Mwezi mzima Madina alikuwa akilalamika kwamba miguu inamuuma, naye, mama yake mzazi, akamwambia aache uvivu, akateke maji.

Hapo ndipo Zulaika alipolia kwa sauti, askari wote wakimsikia.