Kitabu cha Mwavuli

Asubuhi hiyo Chizuru Hatano alifuta meza aliyokwisha kuifuta, akaionja supu ya miso, ile ya soya, asiyokuwa na hamu nayo, akaenda dirishani kutazama theluji, akarudi. Kamati ya wazazi ilikuwa inakutana shuleni kwa bintiye kuamua kama riwaya moja ya mapenzi ya vijana iondolewe kwenye rafu za madarasa. Wenzake wawili walishavutana, mmoja huku, mwingine kule, na sasa walisubiri kura yake.

Riwaya hiyo waliiita kitabu cha mwavuli kwa sababu ya picha ya jalada, mvulana na msichana wamebanana chini ya mwavuli mmoja. Chizuru alipoinunua kwenye duka la vitabu la stesheni aliomba ivikwe karatasi, kama wanavyofanya wasiotaka abiria wenzao wajue wanasoma nini. Mama mzima na kitabu cha vitoto, uso angeuweka wapi? Alisoma mpaka pale wawili hao walipobusiana ufukweni, akakifunga. Hakutaka kujua zaidi. Alishapata la kuwaambia wenzake: watoto wasiumizwe mioyo kabla ya wakati.

Habari za moyo kuumia alikuwa nazo nyumbani. Mumewe alihamishiwa Sapporo kikazi, na tangu mwaka jana alishasema waziwazi kwamba harudi. Walikubaliana kwamba Kozue, binti yao wa pekee, asiambiwe kitu mpaka amalize mitihani ya kuingia sekondari ya juu. Basi kila jioni Chizuru akawa anampaka mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa: baba ana kazi nyingi, baba anakusalimia, huko treni zimekwama kwa theluji. Akajiona hodari wa kuficha.

Kozue alikula wali wake harakaharaka, akachukua kitabu mezani. Chake nacho kilivikwa karatasi ileile ya duka lilelile, na alikwenda nacho shuleni kwa ajili ya zile dakika za kila asubuhi ambapo darasa zima husoma kimya kabla ya masomo, kila mtu kitabu chake.

"Mama, hiyo meza utaitoboa," alisema, akatoka zake.

Chizuru akakitia mkobani kitabu kilichobaki.

Bwana Iwabuchi, mwenyekiti wa kamati, alikuwa na duka la miwani na sauti ya mnadani. Alisema binti yake hajui hata mapenzi ni nini, na hataki ajifunzie darasani. Bi Segawa, aliyekuwa akitetea kitabu, alimuuliza kama na simu ya binti yake nayo haijui. Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Chizuru alikuwa akivuta mikono ya sweta lake, akitamani tu yaishe.

"Bi Hatano, tusomee basi hapo ufukweni," alisema Iwabuchi. "Tusikie wenyewe."

Akafungua. Hapakuwa na ufukwe wala busu. Ukurasa ulikunjwa pembe, na pembe hiyo ilishalegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Juu yake paliandikwa kwa herufi nene: Baba na Mama Wanapoachana. Chini yake, kijana aliambiwa kwamba si kosa lake, na kwamba huenda wazazi wanamficha kwa sababu wanampenda, lakini ana haki ya kuuliza. Chizuru aliona aibu, kisha uchungu. Mtoto alikuwa anajua, na alikuwa anajua peke yake.

"Vipi, umekosa ukurasa?"

"Nimekosea kitabu," alisema. Akakiri pia kwamba hicho cha mwavuli hakukimaliza, kwa hiyo hana haki ya kukihukumu. "Ila mimi nasema kibaki. Wanajua mengi kuliko tunavyodhani."

Iwabuchi alinung'unika, lakini kura ni kura. Chizuru hakungoja basi. Alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani, maana kukaa kungemshinda, na alipofika akaifuta meza tena.

Jioni Kozue aliingia na theluji mabegani. Akaweka kitabu mezani. Chizuru akakiweka kile kingine pembeni yake, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Chako nimekimaliza," alisema Kozue. "Sehemu iliyobaki nimeisomea chini ya dawati."

"Kinaishaje?"

"Wanaachana. Ila mvulana anamwambia mwenyewe, uso kwa uso." Binti alikuwa akiitazama karatasi ya jalada. "Hakungoja mwenzake amalize mitihani."

Chizuru alivuta kiti, akaketi, kwa mara ya kwanza tangu kupambazuke.

"Baba yako harudi, mwanangu."

"Najua," alisema Kozue, naye akaketi. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe."