Jibu la Nyumbani

Hakuna mbunge katika nchi hii aliyemhoji waziri wa mambo ya nje kama nilivyomhoji mimi. Nimembana mpaka jasho likamtoka. Nimemkatiza katikati ya sentensi, nimemwambia akae chini, na akakaa. Ila tusidanganyane: waziri mwenyewe ni mwanangu wa kumzaa, bunge ni meza yetu ya kulia, na maswali alikuwa ananiandikia yeye, kwa herufi kubwa kama za mtoto, maana miwani yangu ina ufa na shule yangu iliishia ya msingi.

Kila Jumapili mchana, kabla ya wiki ya maswali, alikuwa anakuja nyumbani kwangu na makaratasi yake. Dereva na mlinzi aliwaacha nje ya geti. Akiingia anavua koti, anasimama mbele ya kabati la vyombo, anaikoholea ngumi, na mimi nakaa upande wa pili na kisu na vitunguu vyangu, kwa sababu bunge ni bunge lakini chakula cha jioni hakijipiki.

Kila swali lilikuwa na majibu mawili, na huo ndio uliokuwa utaratibu wetu tangu alipopewa uwaziri. La kwanza tuliliita jibu la nyumbani. Hilo alilisema kama lilivyo, bila kupaka mafuta. Likishatoka ndipo anabadilisha sauti na kutengeneza la bungeni. Alisema asipolitoa la kweli kwanza, litamponyoka mbele za watu. Nikamwambia ndiyo maana mtoto hupelekwa chooni kabla ya safari. Alicheka siku hiyo. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Kwa mfano, nasoma: "Mheshimiwa Spika, naomba kujua mazungumzo ya amani yamefikia wapi."

"Hayajafika popote, mama. Wao wako ghorofa ya tano ya hoteli, sisi ya tatu, na mpatanishi anashinda kwenye lifti. Jana lifti iliharibika, ikawa ndiyo siku ya mapumziko."

"Na la bungeni?"

Ananyoosha tai. "Mazungumzo yanaendelea katika hali ya kuheshimiana, na pande zote mbili zinakutana kupitia mpatanishi."

"Hapo hujasema uongo."

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Husemi uongo. Unasema ukweli mdogo."

Mimi nilikubali. Ni nani atakayegombana na mwanawe kwa ukweli kupungua kidogo? Hata nguo nzuri hupunguzwa.

Sasa nikwambieni kwa nini mambo ya nje yaliingia ndani mwangu. Naishi na mdogo wangu, tumbo moja, mjane kama mimi. Yeye alijaliwa mtoto mmoja tu, mvulana, tukamwita Breki kwa kuwa hakuwa nazo, si mdomoni wala barabarani. Jeshi likamchukua awe dereva wa lori. Siku ile daraja la mpakani lilipotekwa, Breki alikuwa juu yake na lori la unga, yeye na wenzake wengi. Watu wa ng'ambo wakawachukua wote. Unga tulisikia umeliwa. Ya watu hatukuyasikia.

Mdogo wangu si msemaji. Mimi nilipewa mdomo wa watu wawili, yeye akapewa masikio. Alichofanya ni kufuma. Walisema mateka wako milimani, kwenye baridi, basi akafuma soksi, na mwanangu aliposafiri kwenda kwenye mazungumzo akampa azibebe.

"Wape hao wa ghorofa ya tano, baba," alimwambia. "Wamwambie mama yake anamsalimu."

Mwanangu aliporudi alimshika mabega. "Zimefika, mama mdogo. Amezivaa. Ametuma ujumbe kupitia kwao, anashukuru sana, anasema miguu imepata joto."

Mimi nilipiga vigelegele, jirani akachungulia ukutani. Mdogo wangu alisema tu, "Amesema anashukuru?"

"Sana."

"Haya."

Usiku ule, tukiosha vyombo, akaniambia, "Dada, mwanangu hajawahi kushukuru kitu tangu nimzae."

"Shida humfundisha mtu adabu," nikamwambia.

"Huenda," akasema, akaning'iniza kitambaa.

Baada ya hapo akaanza sweta. Ya kijivu, nzito, mikono mirefu maana Breki alikuwa na mikono kama ngazi. Aliifuma mpaka asubuhi ya safari nyingine ya mwanangu. Gari limeshawashwa injini nje, waziri amesimama mlangoni anatazama saa, na bibi huyu bado amekaa na sindano, kaipinda sweta magotini kwake.

"Mama mdogo, ndege itaniacha."

"Ndege ya serikali itamwachaje waziri wa serikali? Namalizia shingo."

Akakata uzi kwa meno, akaikunja vizuri, mikono ndani, akaifunga kwenye karatasi na kamba. Mwanangu akaichukua kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anapokea mtoto mchanga. Nilijivuna kumwona vile. Mtu mkubwa, na bado anabeba kifurushi cha mama yake mdogo.

Alirudi Jumapili. Alikuwa amekonda, shati limemlegea shingoni. Mdogo wangu alimpokea getini.

"Imefika?"

"Imefika, mama mdogo."

"Haya, baba. Mungu akulipe." Akaenda kukaa uani, maana mambo ya serikali alisema si yake. Ila dirisha la jikoni huwa halifungi, na yeye analijua kama mimi.

Tukaanza. La kwanza, la pili, yote kwa utaratibu wetu. Kufika la tano nikasoma: "Je, vijana wetu waliotekwa darajani wako hai?"

"Serikali ina taarifa za uhakika kwamba vijana wetu wote wako salama, na wanatunzwa kwa kufuata sheria za kimataifa."

Kisu kikasimama kwenye kitunguu.

"Hilo ni la bungeni," nikasema. "Lete la nyumbani kwanza."

"Ndilo hilo hilo, mama."

"Hayajawahi kuwa hilo hilo."

"Leo ni hilo hilo. Soma la sita."

Nilimtazama. Alikuwa anasoma vikombe kabatini. Nikasoma la sita. Kitunguu kilikuwa kikali, macho yakanitoka machozi, na nikashukuru kupata wa kumsingizia.

Siku ya maswali mdogo wangu akasema anataka kwenda. Hajawahi kukanyaga bungeni. Alivaa gauni lake la misibani kwa kuwa ndilo pekee lenye kola. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile isiyo na haraka. Mlangoni askari wakatunyang'anya miavuli, wakatupa vipande vya plastiki vyenye namba, wakatupandisha kwenye viti vya wageni huko juu. Viti vilikuwa vimejaa wanawake. Sikuhitaji kuuliza ni akina nani. Kila mmoja alikuwa na picha mapajani, imelazwa kifudifudi, kwa sababu askari walisema ni marufuku kuonyesha picha ndani ya Bunge.

Chini kule mwanangu alionekana mdogo. Alisoma majibu yake vizuri. Niliyajua yote, midomo yangu ikawa inatembea pamoja naye kama mtu anayefuatisha sala. La tano likapita vile vile: salama, sheria za kimataifa. Nikashusha pumzi.

Kumbe kuna swali la nyongeza. Hilo haliandikwi, ndilo linalowatoa mawaziri kijasho cha kweli. Akasimama mbunge mmoja mwanamke, mwalimu mstaafu, bado ana ile sauti ya kuuliza nani katupa karatasi.

"Mheshimiwa Spika, jibu ni zuri. Limeandikwa vizuri, na mhusika ningempa alama nane kwa mwandiko." Wakacheka. Yeye hakucheka. "Swali langu ni jepesi. Waziri amesema ana taarifa. Mimi nauliza macho. Je, yeye mwenyewe amemwona hata kijana mmoja?"

Mwanangu akasimama. Hakuwa na karatasi. Akaangalia juu, kwenye viti vyetu, na nikaona ametuona.

"Mheshimiwa Spika, sikutaka kulisema hili kwa kuwa linanihusu kifamilia. Miongoni mwa vijana wale yumo mdogo wangu, mtoto wa mama yangu mdogo. Wiki iliyopita nilimwona kwa macho yangu. Nilimkabidhi kwa mkono wangu sweta aliyofumiwa na mama yake. Akaivaa pale pale, mbele yangu. Imemkaa vizuri. Vijana wetu wako hai."

Wabunge wakapiga meza mpaka vipaza sauti vikalia. Wa upande wake wakapiga, wa upande wa pili nao wakapiga. Yule mwalimu alibaki amesimama kidogo, halafu akakaa, akavua miwani akaifuta. Huku juu wanawake walikuwa wanalia na kukumbatiana, askari anasema kimya jamani, kimya, na yeye mwenyewe kamasi zinamtoka. Mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma yetu, aliyeona waziri alivyotutazama, akamshika mdogo wangu mkono, akaubusu.

"Hongera, mama. Wewe umebarikiwa. Naomba umuulize waziri, na wangu alimwona? Ana kovu hapa, juu ya nyusi. Kovu lake halijifichi."

"Nitamuuliza," mdogo wangu akasema.

"Mungu akubariki."

"Nitamuuliza," akarudia.

Mimi nilikuwa nimekaa kama nimemwagiwa maji. Alimwona? Jumapili mchana kutwa, vitunguu na vitunguu, na hakutuambia kamwona? Mtu amwone Breki kwa macho yake, halafu ampite mama yake getini na "imefika" moja? Hata mpeleka barua huongeza neno.

Tulirudi kwa miguu. Miavuli yetu ilikuwa imepotea, tukabaki na namba mkononi na mvua kichwani. Nilijaribu kuzungumza.

"Umesikia? Imemkaa vizuri."

"Nimesikia."

"Mikono haikuwa mirefu sana?"

"Dada," akasema, "nyamaza kidogo." Na kwa mara ya kwanza katika umri wangu nikanyamaza nilipoambiwa.

Mwanangu alikuja kabla ya giza. Redio ya jirani ilikuwa inarudia sauti yake, ile sehemu ya sweta, na ikakatisha hapo kuweka muziki. Aliingia akiwa na mfuko wa matunda, ametabasamu kwa upande mmoja. Hakuvua koti. Mdogo wangu alimwekea chai, akakaa mbele yake, mahali ninapokaa mimi.

"Umeongea vizuri, baba."

"Nashukuru, mama mdogo. Samahani sikukuambia mapema. Ni mambo ya siri za mazungumzo, unajua tena. Nilikatazwa."

"Naelewa. Kuna mama mmoja ana mtoto mwenye kovu juu ya nyusi. Ulimwona?"

Akashika kikombe. "Nadhani ndiyo. Walikuwa wengi. Ndiyo, nilimwona."

"Nimwambie yuko hai?"

"Mwambie."

"Haya." Akafuta meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Lile la bungeni nimelisikia. Sasa nipe la nyumbani."

Mwanangu akanitazama. Mimi nikatazama chai.

"Ndilo hilo hilo, mama mdogo."

"Aliivaa mbele yako?"

"Mbele yangu kabisa. Aliivuta hivi, kichwa kikatokeza, akacheka. Unamjua Breki. Akasema mama ameongeza mikono kana kwamba mimi nyani."

Alisema vizuri jamani. Nilimwona Breki mwenyewe pale mezani, kichwa kinatokeza, nywele zimesimama. Kama ningekuwa mjinga zaidi ningelia kwa furaha.

Mdogo wangu akatikisa kichwa polepole. "Kichwa kilitokezea wapi?"

"Vipi?"

"Mimi niliishona shingo, baba. Asubuhi ile unaniharakisha. Niliifunga yote kwa uzi ule ule wa kijivu, kwa ndani, bega mpaka bega. Nilisema, kama kweli inamfikia, atatukana. Atasema mama amezeeka, ameanza kufuma mifuko. Breki angetukana, na wewe ungeniletea matusi yake, nami ningelala." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umeniletea shukrani na kicheko. Kichwa kilitokezea wapi?"

Mvua ilikuwa inasikika kwenye bati la jikoni. Mwanangu akakisukuma kikombe pembeni.

"Labda... labda waliifumua kwanza. Askari wao. Wanakagua."

"Umesema aliivaa pale pale, mbele yako."

Akageuza shingo kwangu, macho yale ya utotoni, ya siku alipovunja kioo akaniangalia nimtafutie paka wa kumsingizia. Nikaiona sweta, sijui iko kwenye kabati la hoteli gani, imekunjwa vizuri, mikono ndani, kama alivyopewa. Nikawaona wale mama na picha zao, wanapika leo wakiimba.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "jibu swali."

Alikuwa amesimama, sijui alisimama saa ngapi, kabati la vyombo liko mgongoni kwake kama Jumapili zote. Akatazama vikombe. Akakaa chini, na safari hii hakuna aliyemwambia akae.