Fainali ya Bilali

Mdogo wangu Bilali ni mwongo, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akadanganywa na urefu wake. Ana futi sita na inchi nane, ana tabasamu la kupendeza, na watu wa kwetu Kisarawe wakimwona tu wanasahau alichofanya. Mimi sisahau.

Miaka kumi na minne amelipwa kucheza mpira wa kikapu. Alianzia hapa Kibaha akiwa kidato cha pili. Mwalimu mmoja alimwona kwenye foleni ya uji, kichwa juu ya vichwa vya wenzake wote, akamvuta uwanjani. Akaingia ligi ya Dar, akaenda Kigali, akaenda Aleksandria, na miaka mitatu hii amekuwa Tunis. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya goli na kudaka mipira ambayo wenzake wamekosa. Magoti yamekwisha. Kila msimu mkataba aliopewa ulikuwa mfupi kuliko wa msimu uliopita. Yote hayo nayajua kwa sababu malalamiko yake nilikuwa nayasikiliza mimi, simu nimeibana begani, huku namgeuza mama kitandani.

Mama alikaa kwangu Kongowe, hapa hapa Kibaha, miaka minne, tangu alipopooza upande wa kushoto. Halafu hali ikabadilika, tukamlaza hospitali. Alhamisi daktari akaniita pembeni, akaniambia kama kuna ndugu wa mbali waje. Nikarudi wodini, nikasimama dirishani, hatua mbili kutoka kitandani kwake, nikampigia Bilali. Nikamwambia mama anakwisha, panda ndege leo.

"Dada, Jumamosi tuna fainali," akasema. "Nikiondoka sasa hivi hawaniongezei mkataba, na kwa umri huu nani atanichukua? Nikimaliza tu nakuja. Tafadhali, usimwambie mtu kwamba umenipigia."

Mama alifariki Jumamosi alfajiri. Alasiri tukamzika kwao Kisarawe. Usiku ule mwanawe akavaa bukta, akacheza.

Alifika Jumanne. Akajitupa kaburini, jitu refu hilo limelala kwenye udongo linalia, halafu akainuka na kuuliza mbele za watu: "Kwa nini hamkuniambia mama kazidiwa?" Wala hakuniangalia. Nikasema nilimpigia. Nikatoa simu yangu, nikawaonyesha siku na saa. Mama mkubwa Mwamini, dada yake mama, akaisukuma kando kwa mkono.

"Nyinyi si mnapigiana kila siku?" akasema. "Hiyo simu inaonyesha mlichoongea?"

Basi, ikawa imekwisha. Mimi ndiye niliyemficha mdogo wangu asimzike mama yake. Eti kwa wivu. Eti nilitaka nionekane mtoto ni mimi peke yangu. Shangazi zangu wakawa wananipita njiani kama wamepita kisiki. Kwenye kikao cha kupanga arobaini, nikaambiwa nguo za marehemu nisiziguse, watazigawa wao. Nguo nilizozifua kwa mikono hii miaka minne. Niliumia, jamani, na nilimchukia Bilali mpaka nikawa nashindwa kula.

Ndipo nikamfuata Stellamaris. Ni jirani yangu Kongowe, Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani. Yeye na mama walitukanana vizuri miaka yote, kila mmoja akimwita mwenzake mtumwa wake. Mtani akija msibani hana mipaka: atajilaza kaburini, ataficha viatu vya shehe, atavaa nguo za marehemu na kuongea kama yeye. Ukikasirika, aibu ni yako. Akikuuliza, unamjibu. Nikamwambia Stellamaris, siku ya arobaini uwe mama, na umuulize Bilali. Akakubali papo hapo.

Siku ikafika. Dua ikasomwa, pilau ikapakuliwa, na mara akatokea nyuma ya nyumba, kajifunga khanga ya mama, mdomo kaupinda, mguu wa kushoto anauburuta. Watu wakacheka mpaka machozi. Akamgombeza mama mkubwa Mwamini kwa kujipakulia nyama mbili. Kisha akajiburuta hadi kwenye jamvi la wanaume, akasimama mbele ya Bilali, aliyekuwa amekaa magoti yamemfika kidevuni.

"Wewe mrefu, mbona Jumamosi sikukuona?"

Watu wakaangua kicheko. Bilali naye akatabasamu. "Nilikuwa kazini, mama."

"Kazi gani?"

"Mpira."

"Mlishinda?"

"Tulifungwa."

Hilo hakuna aliyekuwa analijua. Kicheko kikapungua.

"Na mkataba?"

"Hawakuniongezea. Nimeshamaliza kucheza, mama."

"Ulijua nimezidiwa?"

Nilikuwa mlangoni nimeshika beseni la vyombo. Moyo ulinidunda kwa furaha. Ndiyo, furaha, sioni haya kusema. Bilali akatazama viganja vyake.

"Nilijua," akasema. "Dada alinipigia Alhamisi. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Mama mkubwa Mwamini akaweka sahani chini. Wote wakanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini sikuona chuki machoni mwao. Shangazi mmoja akaanza kufuta machozi. Nilitakiwa nirudi jikoni wakati ule ule. Lakini nilisimama pale pale, nataka nitazamwe nishibe.

Stellamaris hakuwa amemaliza. "Hukuja, sawa," akamwambia. "Hata sauti yako mwanangu ukaninyima?"

Bilali akainua kichwa, akaniangalia. "Niliomba. Nilimwambia dada akuwekee simu sikioni nikuage. Akaniambia nikitaka kuongea na wewe nije. Akakata."

Alisema taratibu, bila kunishutumu, na hapo nilimchukia kuliko siku zote. Mwongo yule, kati ya siku zote, kachagua hii ya kusema kweli.

Stellamaris akageuka. Akaja kwangu akiuburuta mguu, polepole, na hakuna aliyecheka. Khanga ilikuwa bado inanukia udi wa mama. Nilimkazia macho aache. Mdomo wake ulibaki umepinda.

"Siwema, Alhamisi nilikuwa macho?"

"Ulikuwa macho."

"Nilisikia unaongea na simu?"

"Ulisikia."

"Nikakuuliza kitu?"

Beseni lilikuwa zito na sikuwa na pa kuliweka. Watu wote wa Kisarawe walikuwa wananingoja.

"Uliniuliza kama ni Bilali," nikasema.

"Ukanijibu nini, mwanangu?"

"Nikakwambia ni watu wa mtandao, wanatangaza vifurushi."