Akili kwa Zamu

Ruzuku ya watoto wenye vipaji ilipofika Kikwe, kitu cha kwanza kununuliwa kilikuwa hema. Mwalimu alikuwa hajapewa hata chaki, lakini hema lilisimama mbele ya shule ya kata, jeupe, na viti vimefungwa riboni kama vya harusi. Tulikula sambusa, tukapigwa picha, tukaambiwa watoto wetu ni hazina. Kisha hema likakunjwa, likapelekwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati "kwa usalama".

Mwanangu Elinipa yuko kidato cha pili. Ana akili inayochosha. Anakuuliza swali, na ukimjibu anataka kujua jibu lako umelitoa wapi. Shirika lililoleta ruzuku, lenye ofisi mjini Arusha, lilisema linatafuta watoto wa namna hiyo. Kila Jumamosi wangefundishwa sayansi ya ziada na kila mmoja angefanya utafiti wake. Atakayewashinda wenzake angepelekwa kambi ya sayansi kule Momela, kisha asomeshwe hadi kidato cha sita. Mimi nina stashahada ya ugavi na duka la pembejeo pale Kikatiti. Najua fursa ikipita hairudi kukusalimia.

Mwalimu Eliud alitoa mtihani, na Elinipa akaongoza. Ingekuwa kwingine, mambo yangeishia hapo. Lakini kwetu kuna kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Gerson, ambaye pia ni mwenyekiti wa mfereji. Huyu ndiye anayegawa maji ya kumwagilia: leo kitongoji hiki, kesho kile, na anayefungua maji nje ya zamu yake analipa mbuzi. Mfereji anauendesha vizuri, sina ubishi. Ubaya ni kwamba mtu aliyeshika jembe maisha yake yote huona kila kitu ni shamba.

"Hawa wote waliofaulu wanatoka juu, karibu na barabara," alisema kwenye kikao. "Watu wa chini tuwaambie nini? Kwamba hawakuzaa? Vitongoji ni vinne. Tutakwenda kwa zamu."

"Shikamoo, Mzee," nilisema. "Zamu ya nini?"

"Marahaba. Ya hiyo sayansi. Jumamosi hii kitongoji cha kwanza, ijayo cha pili."

"Mzee, maji yakiingia shambani hata kwa zamu, mgomba unakunywa. Somo halinyweki hivyo. Mtoto akikosa la pili, la tatu hataliona."

"Mama Elinipa, wewe unataka mwanao anywe mfereji mzima?"

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu akaongeza, "Halafu wa kwako si ana akili tayari? Anaongezewa ya nini? Waongezewe wasio nayo!"

Wakapiga makofi. Kamati nzima ikapitisha kwamba katika kata yetu kipaji kinazunguka kama maji.

Mnajua kilichofuata. Kila Jumamosi Mwalimu Eliud alipokea kundi geni, kwa hiyo kila Jumamosi alifundisha somo la kwanza. "Hii inaitwa hadubini. Usiiguse kioo." Mwezi ukaisha, kata nzima inajua hadubini isiguswe kioo, na hakuna aliyewahi kuchungulia ndani.

Elinipa alirudi kutoka kwenye Jumamosi yake moja akiwa amenuna. Utafiti wake ulikuwa juu ya maji yetu ya kunywa. Yana madini ya floraidi, ndiyo maana nusu ya kata tuna meno ya kahawia na tunacheka tumefunika mdomo. Alitaka kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe na kuyapima kila wiki kwa dawa iliyokuja na ruzuku.

"Mama, nikipima mara moja kwa mwezi, sijapima kitu. Wa Momela atatoka wapi?"

Nikaanza kufikiri. Kwenye mfereji huo huo wa Mzee Gerson kuna desturi ya zamani kuliko yeye. Asiye na haja ya maji humwazima jirani zamu yake, na mwenyekiti haruhusiwi kuzuia.

Nikafunga duka mapema, nikaingia vitongoji vingine nyumba kwa nyumba. Haikuwa kazi. Wazazi waliopigania zamu kikaoni walikuwa wamechoka nayo, na watoto walitaka kucheza. Hata mkwe wa Mzee Gerson, mama yake Princess, alinipa zamu ya binti yake bila kuacha kumenya ndizi. "Ichukue, shoga yangu. Princess ana netiboli."

Mzee Gerson alipomkuta Elinipa darasani nje ya zamu, alinijia juu.

"Ameazima, Mzee," nikamwambia. "Au kuazima kumefutwa?"

Hakuweza kukufuta. Ila alitoa sharti: mtoto aketi kwa jina la mwenye zamu. Basi wiki moja mwanangu akawa Ezra, nyingine akawa Anna, nyingine akawa Princess. Mimi jina halikunisumbua. Aliyekuwa anapima maji nilimjua.

Siku ya kuchagua ilipofika, hema lilitoka mafichoni, likinuka kuku. Bi Kauthar, ofisa wa shirika, alikuja na gari na mpiga picha. Alisifu zamu zetu kuliko kitu kingine chochote.

"Wenzenu wamefikia watoto wachache tu. Ninyi mmefikia mara nne! Wafadhili watafurahi sana."

Nilimtazama. Amesoma huyu, nikajisemea, na bado anahesabu vichwa kama mnunuzi wa kuku.

Akapita mezani. Cha kutazama kilikuwa kimoja tu: ndoo ya kuchujia na vichupa vya maji, rangi ya dawa ikibadilika wiki hadi wiki kadiri floraidi ilivyopungua. Juu ya ndoo paliandikwa Princess, kwa kuwa Jumamosi ya mwisho ilikuwa zamu yake.

"Princess ni nani? Nimepata mtu wa Momela."

Mzee Gerson alisimama kabla hajaitwa. "Mjukuu wangu huyo."

Princess akasukumwa mbele. "Tueleze, mama," Bi Kauthar akamwambia.

Mtoto aliitazama ndoo, akamtazama babu yake. "Mimi sijui. Nilikuwa netiboli. Hiyo ni ya Elinipa."

"Lakini zamu ilikuwa yake!" Mzee Gerson alisema. "Na kilichotoka kwenye zamu ni cha mwenye zamu."

Elinipa alikuwa amesimama kando yangu, ameng'ata mdomo. Nikainuka.

"Shikamoo tena, Mzee. Kiangazi kilichopita ulimwazima Sadoki zamu yako ya maji. Akavuna vitunguu. Vilikuwa vya nani?"

Aliyejibu alikuwa Sadoki mwenyewe, kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeona shamba lake linaguswa: "Vyangu! Mavuno ni ya aliyelima!"

"Vyake," wazee wengine wakaitikia. Hapo hakuna aliyecheka. Mambo ya mfereji hayachezewi.

Mzee Gerson akakaa. Angefanya nini? Angebisha, kesho kila aliyewahi kuazima maji angedaiwa mahindi.

Elinipa akaieleza ndoo yake mpaka mpiga picha akachoka kushika kamera. Bi Kauthar alinivuta pembeni.

"Mama, sasa kwenye ripoti nitaandikaje? Tulishasema watoto wengi."

"Andika kata nzima ukipenda, mwanangu," nikamwambia. "Kwenye gari anapanda mmoja."