Kifungo cha Ufukweni

Leodgar aliingia uani kwa Mwalimu Honorata, pale Ujiji, mashine ya kutafutia vyuma begani, kiganja amekifumba kama aliyekamata panzi.

"Shikamoo, Mwalimu. Wewe unafundisha ushonaji, hebu nitambulie hiki. Nimekichimbua ufukweni. Cha Mjerumani, siyo? Basi na sanduku lake la mali liko papo hapo!"

"Marahaba. Tangu lini mtu akazika mali, akaacha kifungo juu kama kibao cha duka?"

Kilikuwa kifungo cha shaba, kimeota kutu ya kijani, usoni kina taji. Caritas, aliyekuwa akichambua dagaa, akainua macho. Aliishi hapo na bintiye Lyse tangu walipovuka ziwa kutoka Burundi mwaka uliopita. Akaliona lile taji, akaketi mavumbini.

"Mana yanje, Mungu wangu. Ishimwe wangu."

Honorata alielewa. Siku ya kukimbia, Caritas alinyofoa vifungo kwenye koti la babu yake, askari wa zamani, akawashonea wanawe kifuani kimoja kimoja, ili wakipotezana watambuane. Ishimwe, nduguye Lyse, alisukumiwa mtumbwi mwingine. Hakuna aliyeuona ukifika.

Leodgar akavua kofia. Sanduku hakulitaja tena.

Honorata hakuwa mtu wa kubembeleza. "Lyse! Lete sweta lako."

Akaviweka vifungo sambamba. Taji kwa taji, pacha kabisa. Kisha akafanya afanyavyo darasani siku zote: akavigeuza. Nyuma ya cha Lyse, badala ya kitanzi cha kupitishia uzi, palichomelewa kipande cha waya.

"Mama Lyse, nani alitia waya huu?"

"Babu. Vitanzi vilikatika."

"Vyote?"

"Vyote. Alivichomelea mwenyewe."

"Basi tazama."

Nyuma ya kile cha ufukweni kilikuwapo kitanzi chake cha kiwandani, kizima, kimejaa mchanga. Caritas akapitisha kidole hapo, akarudia, akarudia tena. Ndipo akalia.

"Si cha mwanangu."

"Si chake. Alipo sijui, sitakudanganya. Lakini hiki si chake." Honorata akamfuta vumbi begani, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Kesho alfajiri twende Kibirizi. Boti za Mwamgongo, kule karibu na mpaka wa Burundi, zikishusha dagaa, tutawauliza mabaharia: mtoto mwenye kifungo cha taji, nyuma kina waya."

"Nitawapeleka," akasema Leodgar. "Mashine nitaiacha nyumbani."